Damu Sioni, Kichocho Nipimwe cha Nini?

SWALI: Daktari, hujambo? Mimi huchimba mchanga ziwani, upande wa Usoma. Juzi mhudumu wa afya wa kijiji aliniachia kikopo, akataka nipeleke choo dispensari nipimwe kichocho. Binamu yangu wa Kilifi aliugua kichocho, alikuwa akikojoa damu. Mkojo wangu ni safi. Tena mwaka jana nilipimwa wasione kitu. Tumbo huniuma mara moja moja, lakini nilishapewa dawa ya amiba. Kuna haja kweli?
— Mchimba mchanga, Kisumu

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Hapo pa amiba umenigusa kidonda. Kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi katika dispensari ya ziwani, na sina hesabu ya wavuvi niliowaandikia dawa ya amiba, wakirudi nawaandikia ya taifodi. Kichocho sikukitaja. Darubini tulikuwa nayo, ila tuliitumia kutafuta malaria tu.

Minyoo ya binamu yako siyo yako. Ile ya Pwani hukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu, ndiyo maana mkojo huwa mwekundu. Hii yetu hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai hutokea chooni. Wapo wanaoona damu kwenye choo. Wengi hawaoni lolote, huku mayai mengine yakikwama kwenye ini mwaka baada ya mwaka, ini likakakamaa, tumbo likajaa maji. Mvuvi mmoja nilimpeleka mjini kwa gari la samaki, beseni mapajani, akitapika damu.

Sasa hilo la "wasione kitu". Mtu wa maabara huchuja choo, akapima miligramu 41.7, yaani kama punje mbili za mchele, akazitandaza kwenye kioo na kutafuta yai lenye mwiba ubavuni. Minyoo ikiwa michache, leo yai halimo katika punje hizo, kesho limo. Basi peleka choo cha siku mbili au tatu mbalimbali. Kipo pia kipimo cha haraka cha mkojo, ambacho hakitafuti mayai bali kile ambacho minyoo hutapika ndani ya damu yako. Uliza kama wanacho. Halafu, mwaka jana ulikuwa mwaka jana: tangu hapo umeingia majini mara ngapi?

Ukikutwa nayo utapewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, vikubwa na vichungu, kwa hiyo kula ugali kwanza. Wakikupima kwa fimbo ya urefu badala ya mizani, usidhani wanakufanya mtoto. Dawa huua minyoo iliyokomaa, michanga huponyoka. Wakikuambia urudi, rudi.

Sikuambii uache mchanga, watoto watakula nini? Ila vijidudu vya kichocho, vinavyopenya ngozi ukiwa majini, hutoka kwa konokono wa ziwani kwa wingi jua likiwaka, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, kwa hiyo anza kazi mapema. (Najua, mapema kuna viboko.) Na usijisaidie majini.

Kikopo usikijaze, kiasi cha ncha ya kidole gumba kinatosha. Jina liandike kwa wino usiofutika. Niliwahi kumpa mtu majibu ya jirani yake.