Jibu: Madoa meupe baada ya kufunga hita

Salamu mkuu. Nimekuelewa hivi: unaosha madirisha kwa brashi inayotoa maji yaliyochujwa madini; yakiwa baridi vioo vilikauka safi, ila tangu ufunge hita ya kuyapasha moto madoa meupe yanabaki.

Kabla hujaigusa hita, kinga maji kwenye kikombe pale pale yanapotoka kwenye brashi, uyapime madini. Yakiwa chini ya sehemu 10 kwa milioni, maji hayana kosa. Yakizidi, angalia hita imekaa wapi. Iweke baada ya vichujio, kwa sababu utando wa kuchujia kwa kawaida hauvumilii maji yanayozidi nyuzi 45.

Mimi kipimo kilisoma 0 na madoa yakaendelea kunisumbua. Kumbe ni fremu! Maji ya moto yalilegeza uchafu wa miaka uliojibana kwenye mpira wa juu, ukawa unachuruzika taratibu nikishahamia dirisha lingine. Siku hizi nasugua fremu ya juu kwanza, naiacha ichuruzike, ndipo narudi kusuuza kioo.

Na tafadhali sana, kioo chenye barafu usikimwagie maji ya moto ghafla, kinaweza kupasuka. Anza na vuguvugu.