Cheti cha polisi kwa viza ya ualimu: anza lini?

Ndugu, umeuliza kama usubiri mkataba wa kazi ndipo ushughulikie cheti cha polisi, na kama kosa lako la zamani la barabarani litakuzuia. Usisubiri. Cheti ndicho kinachochelewesha watu kuliko karatasi nyingine zote, ila usikitoe mapema mno pia, maana kinachacha: Korea Kusini, kwa viza ya E-2 (ya walimu wa lugha za kigeni), inataka kilichotolewa ndani ya miezi 6. Tena kiwe cha ngazi ya taifa. Mmarekani, kwa mfano, anatakiwa kuleta cha FBI, idara ya upelelezi ya taifa, na apostili yake (uthibitisho rasmi unaofanya hati ikubalike nchi nyingine) hutoka Wizara ya Mambo ya Nje kule Washington, si kwenye jimbo lake. Wengi wanakwama hapo. China nayo imeanza kupokea apostili tangu Novemba 2023. Kama nchi yako haimo kwenye mkataba wa kimataifa wa apostili, bado utapitia ubalozini kuthibitisha cheti.

Alama za vidole za kuombea cheti: zikififia zinarudishwa, kwa hiyo paka losheni siku chache kabla ikiwa ngozi yako ni kavu. Jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi.

Kuhusu kosa lako, fomu ikiuliza kama uliwahi kutiwa hatiani, sema ukweli na uambatanishe hukumu. Faini ya barabarani mara nyingi husameheka, uongo hausameheki. Makosa dhidi ya watoto ndiyo hufunga mlango kabisa, na ni haki yafunge.