Dawa za minyoo shuleni: utafiti wa Busia ulisema nini hasa?

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Taasisi moja ya hisani imetuletea mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo. Wanasema utafiti uliofanyika Busia, Kenya, ulithibitisha kwamba dawa hizo hupunguza utoro, hupandisha ufaulu na kuongeza kipato mtoto akishakuwa mtu mzima. Wanataka kila mzazi achangie kidogo ili mradi uwe endelevu, na watatufundishia watoto usafi. Kamati ya shule inauliza: utafiti huo upo kweli, na unasema hivyo?

Jibu: Mwalimu, utafiti upo, na ni mzito. Ila wageni wako wamechukua walichokipenda wakaacha kingine, na walichokiacha ndicho kinachoigusa zaidi mifuko ya wazazi wako.

Nianze na namna ulivyofanyika, maana uzito wake uko hapo. Mwaka 1998 shirika la hisani la Kiholanzi, ICS, lilikuwa likifanya kazi katika tarafa za Budalangi na Funyula, wilayani Busia. Lilitaka kutoa dawa katika shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, lakini halikuwa na fedha wala watu wa kuzifikia zote kwa mara moja. Kila shirika hukutana na hali hiyo, na kwa kawaida huanza na shule iliyo karibu na barabara au yenye mwalimu mkuu mwenye bidii. Mwisho wa mwaka shule hiyo ikifanya vizuri, hakuna awezaye kusema kama ni dawa au ni yule mwalimu mkuu.

ICS walikubali kufanya kitu kingine. Wachumi wawili, Michael Kremer, aliyewahi kufundisha sekondari Kakamega, na Edward Miguel, waliziorodhesha shule kwa mpangilio wa alfabeti, wakazihesabu moja, mbili, tatu, na kupata makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilipata dawa 1998, la pili 1999, la tatu likasubiri hadi 2001. Foleni ile ile ambayo ingekuwepo kwa sababu ya uhaba wa fedha ikageuka kuwa kipimo, kwa kuwa waliosubiri wakawa kundi linganishi la waliotangulia. Mimi kazi yangu ni kutathmini miradi, na naona huo ndio mchango mkubwa wa shirika lile, kuliko vidonge vyenyewe. Vidonge hata wewe ungevipata kwingine. Shirika linalokubali kazi yake ipimwe kwa namna inayoweza kuliumbua si rahisi kulipata.

Dawa zilikuwa albendazole kila baada ya miezi sita kwa minyoo wa tumboni, safura wakiwemo, na praziquantel mara moja kwa mwaka kwa shule zilizokuwa na kichocho kwa wingi. Katika vipimo vya mwanzo, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walikutwa na angalau aina moja ya minyoo. Mvua za El Niño zilikuwa zimetoka kufurika eneo lile, na maambukizi yalikuwa juu kupita kawaida. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Mahudhurio hawakuyachukua kwenye rejista. Unajua mwenyewe rejista zinavyojazwa siku ya ukaguzi. Walituma watu shuleni bila taarifa, wakahesabu watoto waliokaa darasani. Utoro ulipungua kwa karibu robo. Zaidi ya hapo, watoto wasiomeza dawa katika shule zilizopewa nao walipata nafuu, kwa sababu minyoo huenea kupitia udongo na maji yenye kinyesi, na wenzao wakitibiwa uchafuzi hupungua kwa wote.

Ufaulu haukupanda. Watafiti wenyewe waliandika hivyo katika ripoti yao ya 2004: alama za mitihani hazikubadilika. Mgeni wako anayesema dawa zilipandisha ufaulu Busia hakusoma, au alisoma akanyamaza.

Kuhusu kipato, watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto wale kwa takriban miaka ishirini, hadi wakawa watu wazima. Matokeo yaliyotolewa 2021 yalilinganisha waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa na wale wa kundi la mwisho. Waliotangulia walikuwa wakitumia fedha kwa mahitaji yao kwa asilimia 14 zaidi, na malipo yao kwa saa yalikuwa juu kwa asilimia 13. Si kidogo kwa dawa ya bei nafuu.

Sasa ubishi. Mwaka 2015 wataalamu wa shule ya tiba za kitropiki ya London walirudia mahesabu kwa kutumia takwimu zile zile. Walikuta kosa katika hesabu ya faida iliyodaiwa kuzifikia shule zilizo mbali, na wakahoji uimara wa baadhi ya matokeo. Nafuu ya utoro katika shule zilizopewa dawa ilibaki ikionekana, ingawa nguvu yake ilitegemea njia ya kuhesabu. Kwa upande mwingine, mapitio ya mtandao wa Cochrane, yanayojumlisha majaribio kutoka nchi nyingi, yanasema kumeza dawa kwa pamoja hakuonyeshi kubadilisha uzito, kiwango cha damu au ufaulu wa watoto kwa wastani. Mimi sioni kwamba pande hizi zinapingana kabisa. Baadhi ya majaribio yaliyojumlishwa yalifanyika mahali penye minyoo wachache, na pale ambapo wengi hawaumwi, wastani hauwezi kusogea. Busia ya 1998 ilikuwa imejaa. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati liwe hili: hapa kwetu maambukizi ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri dawa mara moja kwa mwaka pale maambukizi ya minyoo wa tumboni yanapofika asilimia 20, na mara mbili yakizidi 50. Na ninyi mko ziwani, kwa hiyo kichocho kipimwe peke yake.

Tuje kwenye mchango wa wazazi. Mwaka 2001, ICS ile ile, ikiwa na hamu ile ile ya mradi endelevu, ilianza kutoza ada ndogo katika shule 25 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, huku nyingine zikiendelea kupewa bure. Wazazi waliombwa sehemu tu ya gharama. Katika shule za bure, karibu robo tatu ya watoto walimeza dawa. Katika shule za kulipia, hawakufika hata mmoja kati ya watano. Ada ikiwa kubwa kidogo au ndogo kidogo haikuleta tofauti, kulipa kwenyewe ndiko kulikowafukuza. Wala haikuwa kwamba wenye minyoo wengi ndio walilipa na wazima wakabaki nyumbani. Na ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya faida humwendea mtoto wa jirani, utaelewa kwa nini mzazi hasukumwi kulipa.

Somo la usafi nalo lilipimwa. Watoto walifundishwa kunawa mikono, kuvaa viatu, kuepuka maji ya ziwa. Baada ya mwaka, usafi wao, uvaaji wao wa viatu na kuingia kwao majini vilikuwa sawa na vya wasiofundishwa. Sisemi wasifundishwe. Nasema mtoto asiye na viatu, ambaye maji ya kuoga na ya kufulia yako ziwani, hakosi somo, anakosa viatu na bomba. Taasisi ikiwa na fedha za kuandaa semina, iulizwe kama zinaweza kuchimba kisima au kujenga vyoo.

Kabla ya kusaini chochote, mwone mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika halmashauri yako. Serikali ina mpango wa kugawa dawa hizi shuleni bure, na nyingi hutolewa kwa msaada na watengenezaji wenyewe kupitia Shirika la Afya Duniani. Huenda shule yako imo kwenye ratiba tayari, na hakuna sababu ya kumtoza mzazi kwa kidonge kilichokuja bila malipo, wala ya kumpa mtoto dozi mbili ndani ya wiki chache kwa kuwa ofisi mbili hazikuwasiliana.

Mkikubaliana na taasisi, ombeni mambo mawili kwa maandishi: shule za kata zitaingia kwa utaratibu gani, na mahudhurio yatahesabiwa na nani. Wakisema yatatoka kwenye rejista yako, waulize kama wako tayari kumtuma mtu bila taarifa. Siku ya praziquantel, hakikisha uji umeiva mapema. Dawa hiyo tumboni pakiwa patupu huwafanya watoto wengi kutapika na kuumwa tumbo, na mzazi aliyemwona mwanawe akirudi hivyo hatamleta tena mwakani.