Jibu: Mtoto wa mbwa katafuna majani yenye madoa meupe barazani

Mama, pole sana. Majani makubwa yenye madoa meupe, na mate yanayomtiririka tangu ayatafune: hiyo inafanana sana na mmea wa mapambo uitwao difenbakia. Jani lake lina vijifuwele vyenye ncha kama sindano, vinavyochoma ulimi na koo. Msuuze mdomo kwa maji safi, kisha mwache anywe. Mara nyingi uvimbe hushuka wenyewe, ila akianza kupumua kwa shida, mkimbize kwa daktari wa wanyama usiku huohuo, na kipande cha jani mkononi.

Tafadhali usimmiminie mafuta ya mawese, hata majirani wakisisitiza. Yakiingia mapafuni, umempa ugonjwa wa pili. Wala usimtapishe kwa chumvi; chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa.

Uliuliza mimea mingine ya kuondoa barazani. Ninaouogopa kuliko yote ni sikasi, ule unaofanana na mtende mfupi, kwa sababu mbegu zake huua ini, na hali inaweza kuharibika siku 2 au 3 baadaye, wakati umeshashukuru Mungu kwamba kapona. Laurier-rose, yaani oleanda, ule wa maua ya waridi au meupe, hushambulia moyo. Hapa Bukavu niliukuta kwenye parsele (kiwanja) tuliyopanga, nikaung'oa wote. Usiuchome, moshi wake pia una sumu.

Barazani weka spider plant, ule mmea wa majani membamba yenye mistari myeupe, unaoning'iniza vitoto vyake. Huo hauna sumu kwa mbwa. Utuambie ameamkaje kesho.