Kabati la nyoka sebuleni

Kaka, achana na MDF, yaani mbao za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi. Umesema unataka kabati la droo sita kwa hao chatu wadogo wa Afrika Magharibi, likae sebuleni Sinza bila kuonekana kama stoo. Kwa unyevu wa Dar, na maji watakayomwaga wenyewe, MDF itavimba mapema. Chukua plaiwudi ya milimita 18, kingo zifunike kwa vipande vya mninga. Mafundi wa Keko watakukatia vizuri, ila nunua kwanza kontena za plastiki zitakazokuwa droo, uwapelekee wapime.

Kama kontena hazina mifuniko, nafasi kati ya ukingo na rafu ya juu isizidi milimita 3. Nyoka mchanga akipitisha kichwa, mwili unafuata, na utamtafuta nyuma ya friji (usiniulize nimejuaje).

Vanishi iache ikauke mpaka harufu iishe kabisa. Mkanda wa joto upite nyuma tu, na themostati (kifaa cha kudhibiti joto) ni lazima: nyuzi 31 au 32. Januari mchana hautawaka sana, tena usiweke kabati panapopigwa jua la jioni. Milango ya kioo inapendeza, lakini inabana hewa. Mimi ningeiacha.