Vidole vimeanza kujikunja: tuvinyooshe?

SWALI: Mume wangu alipata ajali ya bodaboda miezi minne iliyopita, akaumia uti wa mgongo shingoni. Miguu imepooza. Anakunja viwiko na kuinua viganja, ila vidole havina nguvu na vimeanza kujikunja. Ndugu wanataka tuvifunge kwenye ubao vinyooke kabisa. Tukubali? – Mama Asha, Morogoro

JIBU: Pole sana, Mama Asha. Ubao uwekeni kando. Mkunjo huo kidogo ndio utakaompa mumeo mshiko.

Laza mkono wake mezani, kiganja kikitazama chini, kisha mwambie akiinue taratibu. Vidole vitajikunja vyenyewe na dole gumba litasogelea kidole cha shahada. Akikishusha, vinafunguka. Misuli ya vidole haifanyi kazi hapo. Ni kano zinazovutwa kifundo cha mkono kinapopinda. Kwa mshiko huo, akifanya mazoezi, mtu huweza kushika kijiko au mswaki. Ukinyoosha vidole huku kiganja kimeinuliwa, kano hurefuka na mshiko hulegea. Kuurudisha ni kazi kubwa.

Kwa hiyo mnapomfanyia mazoezi: kiganja kikiinuka, vikunje vidole, kiganja kikishuka, vinyooshe. Taratibu, mara kumi kila mkono, asubuhi na jioni. Msilazimishe. Lakini kama vidole havifunguki hata kiganja kikishushwa, vimekakamaa kupita kiasi. Mwoneni mtaalamu wa fiziotherapia mapema.

Wengi huharibu mshiko huu wakati wa kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, pale mgonjwa anapojiegemeza kwa kiganja kilichotandazwa. Vidole vikunjwe kwanza.

Kiwiko ni kinyume chake: kinyoosheni hadi mwisho kila siku. Wenye jeraha kama lake mara nyingi wana nguvu ya kukikunja bila ya kukinyoosha, nacho hukakamaa kikiwa kimepinda. Bila kiwiko kinachonyooka hataweza kujiinua kitini kupumzisha makalio, na vidonda vya mgandamizo huanzia hapo.

Hukuuliza hili, lakini ni la hatari. Akipata ghafla kichwa kikali cha kugonga, uso ukiiva na kutoka jasho, mketishe wima mara moja, miguu ining'inie, legeza nguo, kisha angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba. Shinikizo la damu linapanda. Lisipotulia ndani ya dakika chache, mpelekeni hospitali bila kungoja.