Kengele ya kufunga maktaba

Nimekaa kwa kaunta ya maktaba miaka saba sasa, huku Eastlands, Nairobi, na kama kuna kitu kimenifunza kazi kuliko diploma yangu ni kengele. Sisi tulikuwa tunafunga saa kumi na moja jioni, ikibaki robo saa mtu anagonga kengele, watu wanakunja madaftari, soja anazunguka mara moja, kufuli. Siku moja nimeshafika steji nangoja matatu soja akanipigia simu, eti kuna kijana ndani anagonga dirisha. Alikuwa kule nyuma ya rafu za sheria, amesoma mpaka taa zikazimwa. Ni kiziwi. Alikuwa anakuja kwetu karibu mwaka mzima na sikujua, juu hakuwahi kuniuliza kitu, na mimi kwa roho nilikuwa namsifu kwamba huyu ndiye msomaji mtulivu kuliko wote.

Mtu ambaye maktaba haimtaki huwa hapigi kelele jamani, hajazi fomu ya malalamiko, anaenda tu nyumbani na harudi. Kwa hivyo mkikaa mkutano wa wafanyakazi mkiambiana hakuna aliyelalamika mwezi huu, ulizeni kwanza ni nani hamjamwona.

Siku hizi tukifunga tunazima na kuwasha taa mara mbili pamoja na kengele. Hiyo ni bure. Kitu kingine cha bure ni karatasi na biro kwa kaunta, lakini hapo nikuonye, nilidhani nikiandika Kiingereza kizuri nimemaliza kazi, kumbe Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake kabisa, sio Kiingereza cha mikono, na kuna watu walioikulia hiyo ambao sentensi yangu ndefu ilikuwa inawachanganya tu. Andika maneno machache, onyesha kitu chenyewe, mtazame mtu usoni usiongee ukiwa umeinamia kompyuta. Na usipaze sauti! Mimi nilipaza, watu wote wakageuka wakamwangalia yeye.

Sasa hii sehemu inaniuma zaidi. Muda huo wote tulikuwa na mfanyakazi mwenzetu kiziwi. Alikuwa amewekwa chumba cha nyuma anashona vitabu vilivyoraruka, na mikutano alikuwa anakaa tu anatutazama midomo, halafu mwishoni mtu anamwandikia mistari miwili ya mambo tuliyojadili saa nzima. Kipengele cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema serikali itakuza Lugha ya Ishara na Breili, yale maandishi ya nukta ya wasioona, cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia hizo njia, hicho kitabu cha Katiba kiko kwa rafu yetu nakala tano, na hakuna aliyewahi kufikiria kumuuliza huyu ndugu anataka kufanya kazi gani. Alipoulizwa akasema kaunta. Tukakubaliana Jumanne na Alhamisi. Mwezi haujaisha vijana viziwi wakaanza kuja wawili watatu, na sisi wengine tukajifunza ishara za kazi kutoka kwake, azima, rudisha, choo, subiri, umechelewa. Hiyo ya umechelewa anaifanya na uso mkali kweli.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwa msimamizi yeyote: kabla hujaandika bango la "karibuni wote", tembea chumba cha nyuma uone umemficha nani. Dada mmoja wa kwetu alikuwa anakamulia maziwa ya mtoto stoo, katikati ya magazeti ya zamani yenye vumbi, na Sheria ya Afya ya 2017 inasema mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha. Tulipata pazia, kiti na soketi. Wiki iliyofuata mama wasomaji wakaanza kuomba kuingia hapo pia.

Kuna mambo mengine ni mpangilio tu. Wanaopanga vitabu kwa Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, mnajua Kiingereza kinakaa 420, halafu Kiswahili unakitafuta 496.392, huko mwisho mwisho kwa lugha "nyingine". Kwetu hiyo ilimaanisha rafu ya mwisho kabisa karibu na choo. Lugha ya taifa! Namba hatukubadilisha, ni vita sitaweza, lakini rafu tulihamisha ikaja mkabala na mlango, na wazee wanaokuja kusoma gazeti wakaanza kuondoka na riwaya. Hao wazee pia tuliwatengea viti vinne, juu msimu wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ukikaribia wanafunzi hujaza kila kiti na notsi zao tangu asubuhi na mzee anasoma amesimama.

Fomu ya uanachama nayo iangalieni. Yetu ilitaka mdhamini mwenye kazi ya kudumu. Msichana wa kazi za nyumba atampata wapi, na tena ofu yake ni Jumapili, siku tumefunga. La mdhamini tulilegeza, la Jumapili bado tunabishana.

Kwa wasioona, wekeni NVDA kwa kompyuta moja, ni programu ya bure inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti, halafu earphone, na mtu wa kaunta ajue kuiwasha, maana ya kwetu ilikaa miezi imezimwa hakuna anayejua neno la siri. Tena Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh 2017, wa kurahisisha kutengeneza nakala za vitabu ambazo wasioona wanaweza kusoma, bila kumbembeleza kila mwenye hakimiliki. Muulize mkuu wako kama anaujua. Wangu hakuwa anaujua.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kisasa, maktaba ni ya kila mtu tangu zamani. Si kweli. Maktaba ya McMillan pale mjini Nairobi ilifunguliwa 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani mpaka 1958. Kuna wazee wako hai walipita nje ya wale simba wa mawe wa mlangoni wakiwa watoto, wakijua hapo si pao.

Yule kijana wa rafu za sheria bado anakuja. Taa zikizimwa mara ya kwanza anainua kidole gumba bila kuangalia juu, anamalizia ukurasa. Fundi wa stima analalamika tunamalizia stata za taa za tubu na huu mchezo, na kweli zinaungua, mwezi huu tumenunua mbili.